Baba Aliyeacha Kriketi Nairobi: Gurinder Chadha na Sinema ya Watoto wa Wahamiaji

Kocha kijana wa timu ya soka ya wasichana amepiga hodi katika nyumba ya Wasikh huko Hounslow, magharibi mwa London. Amekuja kumwombea ruhusa binti wa nyumba hiyo, Jess, ambaye wazazi wamempiga marufuku kucheza. Sebuleni picha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, inawatazama kutoka ukutani. Mama amenuna. Anayejibu ni baba, Mzee Bhamra, mwenye kilemba na sauti ya upole, na wala hasemi kwamba soka ni mwiko kwa msichana. Anasimulia kwamba alipokuwa kijana Nairobi, pale shuleni kwao hakuna aliyerusha mpira wa kriketi kwa kasi kumshinda yeye, na timu yao ilitwaa kombe la Afrika Mashariki. Kisha akahamia Uingereza, akaenda klabuni, Waingereza wakakicheka kilemba chake na kumtimua. Hataki bintiye ajengewe matumaini halafu naye aambiwe hapa si kwenu.

Tukio hilo limo katika Bend It Like Beckham, filamu ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Gurinder Chadha. Watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani wamelisahau. Wanachokumbuka ni mabao, harusi, na uso wa Keira Knightley, aliyekuwa na miaka 16 tu filamu ilipopigwa. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki mambo ni mengine. Katikati ya kichekesho cha Waingereza, jina la Nairobi linatajwa ghafla, na linatajwa kama mahali ambapo mtu alikuwa mtu.

Chadha mwenyewe alizaliwa Nairobi, Januari 1960. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba malezi ya uhamiaji hayakumpa visa vya kusimulia tu. Yalimpa mabishano. Wasanii wengi waliokulia ughaibuni huwachora wazazi wao kama kizingiti cha kurukwa: baba mkali, mama wa kulazimisha ndoa, na kijana anayeshinda kwa kuwaacha nyuma. Chadha, katika kazi zake zilizo bora, humpa mzazi hoja nzito kiasi kwamba mtazamaji hajui amtakie nani ushindi. Na zile kazi zake ambazo hazikusimama vizuri, mara nyingi ni zile ambazo upande wa pili wa mabishano hauna mtu wa kuusemea.

Asili ya familia yake ni Punjab, pande za Jhelum na Rawalpindi, ambazo leo ziko Pakistan. Wapunjabi walikwisha kuijua njia ya Mombasa tangu mwisho wa karne ya 19. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza waliajiri zaidi ya Wahindi 30,000 kujenga reli ya Uganda, wengi wao kutoka Punjab. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, wachache wakabaki, na baada yao wakaja mafundi, makarani, polisi na wenye maduka. Makalasinga, kama Wakenya walivyozoea kuwaita Wasikh, walisifika kwa useremala, uashi na ufundi wa mitambo. Hekalu lao la Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, mpaka leo humpa chakula msafiri yeyote bila kumwuliza dini yake. Babu yake Chadha alikuwa miongoni mwa waliokuja Kenya kutafuta riziki, na baba yake alifanya kazi benki.

Na michezo? Ile sifa anayojipa mzee wa kwenye filamu si majigambo matupu. Kenya ilipokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne 1956, timu yake ya hoki ilikuwa ya Wakenya wenye asili ya Kiasia, Wasikh na Wagoa wakiwa wengi. Avtar Singh Sohal, maarufu kama Tari, alicheza Olimpiki nne. Joginder Singh alishinda mbio za magari za Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na kilemba chake kikawa alama iliyojulikana na kila mtoto aliyesimama kando ya barabara kusubiri magari yapite na vumbi lake. Kriketi nayo ilikuwa na wenyewe: Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza mwaka 1975, ilikuwepo timu iliyoitwa Afrika Mashariki, na wengi wa wachezaji wake walikuwa wa asili ya Kiasia. Kwa hiyo Mzee Bhamra ni mtu anayeaminika. Wazee wa namna yake walikuwa wengi Ngara na Parklands.

Familia ya Chadha iliondoka mapema, kabla ya uhuru wa 1963, Gurinder akiwa na umri wa miaka kama miwili. Wimbi kubwa lilikuja baadaye, mwaka 1967 na 1968, sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara zilipowabana Wahindi wasio raia wa Kenya, nalo Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia hata wale waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Lakini kutangulia hakukumsaidia baba sana. Karani aliyefanya kazi benki Nairobi, nchi ikiwa koloni la Waingereza, alifika kwa Waingereza wenyewe akakuta kilemba na ndevu zake zinamfungia milango ya ajira. Baada ya kuhangaika, wazazi wakafungua duka.

Hapo ndipo unapoona jinsi mwongozaji anavyoifinyanga habari ya nyumbani. Benki imegeuzwa kriketi. Kisa cha mtu kukosa ajira kingeleta huzuni, lakini kisingekuwa na nafasi katika filamu kuhusu binti anayetaka kucheza mpira. Kwa kubadilisha kitu kimoja tu, jeraha la baba na ndoto ya binti vinakutana uwanjani.

Walihamia Southall, mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Wapunjabi walianza kujaa hapo tangu miaka ya 1950, kwanza viwandani, baadaye uwanjani penyewe kwenye usafi, mizigo na jiko la kupika chakula cha ndege. Bend It Like Beckham haisahau jambo hilo: ndege zinapita juu ya mapaa zikiteremka kutua, chini sana, na hakuna anayeinua kichwa kuzitazama.

Southall ya ujana wake haikuwa mtaa wa utulivu. Mwaka 1976 kijana wa Kisikh, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa mtaani kwa kisu. Mwaka 1979, chama cha wabaguzi cha National Front kilipofanya mkutano katika ukumbi wa mji huo, maelfu walijitokeza kupinga, na mwalimu Blair Peach akafa kutokana na kipigo katika vurugu zile. Chadha alikuwa na miaka 19. Miaka miwili baadaye baa ya Hambrough Tavern ikateketezwa kwa moto usiku ambao vijana wa Kiasia walikabiliana na magenge ya vichwa vipara. Yote haya hayaonekani moja kwa moja katika vichekesho vyake, na wapo wakosoaji wanaomlaumu kwa utamu mwingi. Lawama hiyo ina ukweli kidogo. Ila anayeijua Southall ya miaka ile huelewa kwa nini mama wa kwenye filamu anataka binti abaki ndani.

Tuje jikoni. Alipokuwa msichana, Chadha alikataa kupika. Aliona kwamba katika shughuli za ukoo wanawake wanashinda kwenye moto huku wanaume wanaandaliwa, na wapishi hawapati hata nafasi ya kukaa wale chakula wakiwa wametulia. Ugomvi huo umeingia katika filamu karibu bila kubadilishwa: mama anataka Jess ajue kupika mlo kamili wa Kipunjabi, na Jess anamjibu kwamba kila mtu anaweza kupika viazi na koliflawa, lakini nani anaweza kupinda mpira kama Beckham?

Filamu ilipotolewa kwenye DVD, iliongezwa sehemu fupi ambamo Chadha anapika chakula hichohicho, viazi na koliflawa, jikoni, mbele ya kamera. Nyuma yake amekaa mama yake pamoja na shangazi. Hawamwachi apumue. Kila anachotia wana la kusema: kitunguu, bizari, moto, kifuniko. Mwongozaji ambaye filamu yake inaonyeshwa dunia nzima anakaripiwa na watu wawili waliomlea, naye anacheka na kuendelea kukoroga. Hakuna mahojiano yanayomweleza vizuri kuliko kipande hicho. Hakuukana msimamo wake wa usichana. Amewapa tu wapinzani wake viti vya mbele.

Njia yake ya kufika hapo ilipitia uandishi wa habari. Baada ya masomo ya maendeleo katika Chuo Kikuu cha East Anglia, alikwenda kusomea uandishi wa habari London, akawa ripota wa redio wa BBC. Kazi ya kwanza aliyoongoza, I'm British But..., ilitoka mwaka 1989: filamu ya nusu saa ambamo vijana wa asili ya Kiasia kutoka England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wanaulizwa wao ni nani. Kijana mmoja anajibu kwa lafudhi nzito ya huko alikozaliwa. Juu ya paa la nyumba Southall, bendi inapiga bhangra, muziki wa Kipunjabi, huku watu wa chini wakiinua shingo kutazama. Ni filamu ndogo, ya fedha kidogo, lakini sarufi yake yote imo humo: muziki badala ya hotuba, na watu wenye majibu ambayo hayakutarajiwa.

Mwaka 1993 ikafuata Bhaji on the Beach, iliyoandikwa na Meera Syal. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na mwanamke wa Uingereza mwenye asili ya Kiasia. Basi dogo la kituo cha wanawake linatoka Birmingham kwenda kutembea Blackpool, mji wa pwani wenye taa nyingi na starehe za bei nafuu. Ndani wamo bibi vizee waliovaa sari na makoti, wasichana wa shule wanaotafuta wavulana, mke aliyemkimbia mume anayempiga, msichana aliyekubaliwa kusomea udaktari ambaye ana mimba ya mpenzi wake mweusi, na mama mwenye duka anayeandamwa na njozi za mchana zilizopigwa kama sinema ya Bombay. Safarini unasikika wimbo wa likizo wa Cliff Richard, umegeuzwa Kipunjabi.

Hiyo mimba ndiyo inayolipasua basi. Wazee waliokuwa wakilalamikia ubaguzi wa Wazungu asubuhi, ikifika mchana wanasema juu ya kijana mweusi maneno yaleyale waliyowahi kuambiwa wao. Mwaka 1993 ilihitaji ujasiri kuyasema hayo mbele ya Waingereza, wakati jamii nzima ilikuwa imezoea kujilinda kwa kunyamaza. Na bado bibi vizee wale hawakugeuzwa mashetani. Ikifika jioni, mume mpigaji anapoleta fujo, baadhi yao wanaona kwa macho yao kile walichokuwa wakikataa kukiamini, na sura zao zinabadilika.

Kati ya filamu hiyo na ile ya Beckham ilipita karibu miaka 10, na humo imo What's Cooking? ya mwaka 2000, kuhusu familia nne za Los Angeles, ya Kivietnamu, ya Kilatino, ya Kiyahudi na ya Wamarekani weusi, zikiandaa mlo wa siku ya shukrani. Aliiandika pamoja na mumewe, Paul Mayeda Berges, Mmarekani mwenye damu ya Kijapani. Ilifungua tamasha la Sundance mwaka huo. Ni filamu nzuri ambayo wachache waliiona.

Bend It Like Beckham ilionwa na kila mtu. Iligharimu dola za Marekani zipatazo milioni 6, ikaingiza zaidi ya milioni 70. Ilianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 12 Aprili 2002, siku mbili baada ya David Beckham halisi kuvunjika mfupa wa mguu katika mechi dhidi ya Deportivo La Coruña, taifa zima likiwa linazungumzia mguu huo kwa hofu ya Kombe la Dunia. Hakuna idara ya matangazo ambayo ingeweza kununua bahati kama hiyo. Mwaka 2010, ikiwa imepunguzwa hapa na pale, ilionyeshwa kwenye televisheni ya Korea Kaskazini. Mwaka 2015 ikawa tamthilia ya muziki katika ukumbi wa Phoenix, London.

Fedha na sifa tuziache, tutazame inavyofanya kazi. Filamu inafunguka kwa ndoto: Jess anaifungia Manchester United bao, na wachambuzi wa televisheni, Gary Lineker, Alan Hansen na John Barnes, wanamsifu studioni. Kumbe pembeni yao amekaa mama yake, na anayosema ni aibu ya binti kuonyesha magoti mbele ya maelfu ya watu. Hata ndotoni mama ameingia. Tangu hapo filamu inaziweka ibada mbili sambamba: mama huzungumza na picha ya Guru Nanak sebuleni, binti huzungumza na picha ya Beckham chumbani. Kila mmoja anaomba msaada kwa mtu wake ukutani.

Kuhusu magoti kuna jambo jingine. Mwigizaji Parminder Nagra ana kovu la moto mguuni tangu utotoni, naye alihofia kwamba lingemkosesha nafasi hiyo. Badala ya kulificha, Chadha aliliingiza katika hadithi: Jess anaona haya kuvaa kaptula kwa sababu ya kovu, na anamweleza kocha alivyolipata. Kwa hiyo aibu ya mguu wazi inakuwa na sababu mbili, ya mama na ya binti, na hazifanani.

Halafu fainali. Ni siku hiyohiyo ya harusi ya dada yake. Baba, akimwona Jess amekaa kwa huzuni katikati ya ngoma, anamruhusu aende akacheze kipindi cha pili ilimradi arudi kabla sherehe haijaisha. Filamu inarukaruka kati ya bhangra na mechi, viatu vya njumu na viatu vya dhahabu. Dakika za mwisho timu yake inapata mpira wa adhabu. Jess anainua macho kuutazama ukuta wa wachezaji, na badala ya wachezaji anaona mama yake, dada yake na mashangazi, wamevaa mavazi ya harusi, wamejipanga bega kwa bega, wanamtikisia vidole. Unasikika wimbo wa opera. Anaupiga, mpira unapinda.

Hapa ndipo ustadi wa Chadha ulipo. Mpira haupigwi kuwabomoa wale akina mama. Unapita pembeni yao. Wanabaki wamesimama, na jioni Jess atarudi kucheza ngoma nao. Picha moja imebeba hoja ambayo wahadhiri wa sosholojia huiandikia vitabu vizima, na watoto wa miaka 10 huielewa bila kufundishwa.

Usiku huo Jess anapowaambia wazazi kwamba amepata nafasi ya kusoma na kucheza Marekani, baba anarudi kwenye habari ya Nairobi, safari hii akiisoma upya. Alipofukuzwa klabuni, anasema, hakulalamika. Aliapa tu kutocheza tena, na aliyeumia ni yeye mwenyewe. Hataki mwanawe ayapokee maisha kama alivyoyapokea yeye. Anupam Kher, mwigizaji mkubwa wa Bombay, anayasema maneno hayo taratibu, bila machozi. Kabla filamu haijaisha tunamwona mzee uwanjani, amevaa nguo nyeupe za kriketi, anamrushia mpira yule kocha.

Sasa tuulize swali ambalo filamu hailiulizi. Hiyo Nairobi anayoikumbuka mzee ni Nairobi gani? Katika miaka anayoweza kuwa alikuwa shuleni, mji ule uligawanywa kwa rangi kuanzia shule, hospitali, mitaa ya kuishi hadi vyoo. Wazungu walikuwa na klabu zao, Wahindi na zao, na hata Wahindi wenyewe walijigawa kwa dini na asili: Sikh Union, Goan Gymkhana, Suleman Virjee Gymkhana. Mwafrika aliingia katika nyingi ya hizo kama mhudumu au mtunza majani. Maana yake ni kwamba klabu ya Waingereza iliyomtimua Mzee Bhamra London ilimfanyia kile ambacho klabu ya Waingereza ya Nairobi ingemfanyia pia. Tofauti ni kwamba Nairobi alikuwa na klabu ya kwao ya kukimbilia, na chini yake walikuwepo watu waliobaguliwa kuliko yeye. Katika kumbukumbu yake Waafrika hawamo kabisa.

Hilo si kosa la uigizaji wala la mswada. Wazee wengi waliohama hukumbuka hivyo. Lakini mtazamaji wa huku ana haki ya kuliona pengo. Na historia ilijibu kwa namna yake: Machi 2003, filamu hii ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia Marekani, Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi dhidi ya India mjini Durban. Nahodha alikuwa Steve Tikolo, na wengi wa wenzake walikuwa Waafrika weusi waliojifunza mchezo huo kwenye viwanja ambavyo baba zao wasingeruhusiwa kuvichezea. Mzee Bhamra angeishangilia timu gani siku ile? Filamu juu ya swali hilo bado haijatengenezwa.

Mwongozaji mwingine alikwisha kuligusa pengo hilo. Mira Nair, mzaliwa wa India, alitengeneza Mississippi Masala mwaka 1991, kuhusu familia ya Kihindi iliyofukuzwa Kampala na Idi Amin mwaka 1972 ikaishia kwenye moteli za Mississippi. Nair hakukulia Uganda. Alifika huko kufanya utafiti, akakutana na msomi Mahmood Mamdani, ambaye naye alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, wakaoana. Katika filamu yake yupo Okelo, rafiki wa Kiafrika wa tangu utotoni, anayemwambia mwenzake wa Kihindi ukweli mchungu kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Okelo ana sura, ana mapenzi, ana hoja. Mgeni aliyefanya utafiti aliona kile ambacho mtoto wa nyumbani alikirithi kama hadithi tamu ya baba. Malezi humpa msanii mengi, lakini pia humrithisha usahaulifu wa wazazi wake.

Baada ya mafanikio ya Bend It Like Beckham, Chadha alitengeneza Bride and Prejudice mwaka 2004, akiihamishia riwaya ya Jane Austen Amritsar na kumpa Aishwarya Rai nafasi kuu. Ni tamasha la rangi, haliumizi wala haliponyi.

Viceroy's House ya mwaka 2017 inastahili kutazamwa kwa kina zaidi. Mwaka 2006 Chadha alishiriki kipindi cha BBC cha kufuatilia asili za watu, akaenda Pakistan kuitafuta nyumba ya mababu. India ilipogawanywa mwaka 1947, babu yake alikuwa Kenya kikazi. Bibi alikuwa Punjab peke yake na watoto. Walikimbia pamoja na mamilioni ya wengine, na njiani mtoto mchanga wa kike akafa kwa njaa. Babu alirudi kuwatafuta, na ulipita muda mrefu kabla hajawapata katika kambi ya wakimbizi. Kuanzia hapo maisha ya ukoo yakaelekea Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba hata Nairobi ilikuwa kimbilio la pili, na Southall la tatu.

Ukiwa na kisa kama hicho mkononi, unatengeneza nini? Chadha aliamua kuingia ikulu ya Delhi: Lord Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Uingereza nchini India, ndani ya sare zake, mkewe, wapishi na watumishi mia kadhaa, na mapenzi ya kijana wa Kihindu na msichana wa Kiislamu yakiendelea miongoni mwa watumishi hao. Mwandishi wa Pakistan Fatima Bhutto aliishambulia vikali kwa kuwapendezesha wakoloni; Chadha akajibu kwamba hakueleweka. Ugomvi huo ulihusu siasa. Kwa upande wa sanaa tatizo ni jingine: bibi na mtoto aliyekufa wametajwa kwa maandishi na picha mwishoni kabisa, hadithi ikiwa imekwisha. Mistari ile michache inamgusa mtazamaji kuliko mikutano yote ya Mountbatten iliyotangulia. Mwongozaji aliyempa baba mwenye kilemba hotuba yake sebuleni, safari hii aliwapa sebule wenye nyumba kubwa.

Mwaka 2019 alirudi kwenye nyumba ndogo. Blinded by the Light imetokana na kitabu cha kumbukumbu cha mwandishi wa habari Sarfraz Manzoor: kijana wa Kipakistani, Luton, mwaka 1987, anayegundua nyimbo za Bruce Springsteen na kuona zinamhusu yeye. Baba yake ameachishwa kazi katika kiwanda cha magari cha Vauxhall; mama anashona nguo nyumbani usiku kucha. Siku ya harusi ya dada, msafara wao unakutana na maandamano ya National Front, baba anapigwa damu inamtoka, na mwana hakuwepo: alikuwa amekwenda kununua tiketi za Springsteen. Hapo Southall ya miaka ya 1970, ambayo Chadha aliiacha nje ya fremu mwaka 2002, imeingia hatimaye na damu yake. Na lile swali la zamani linarudi likiwa na makali mapya, kwa sababu safari hii kijana anayefuata ndoto yake ana deni, na anajua analo.

Kazi yake ya karibuni, Christmas Karma ya mwaka 2025, inachukua hadithi ya Charles Dickens ya bahili anayetembelewa na mizuka usiku wa Krismasi. Bahili huyo, anayeigizwa na Kunal Nayyar, ni Mhindi tajiri wa London, na alifika Uingereza akiwa mtoto baada ya Amin kutoa siku 90 kwa Waasia kuondoka Uganda. Wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza wakati ule. Wakosoaji wengi waliiponda filamu hiyo, na yapo ya kuponda: nyimbo nyingi mno, machozi ya haraka. Hata hivyo wazo lenyewe ni kali kuliko chochote alichokigusa tangu basi la Blackpool. Mkimbizi wa Kampala amezeeka, ametajirika, na sasa hana huruma kwa wakimbizi wapya. Uingereza imekuwa na mawaziri waandamizi kadhaa ambao wazazi wao walitoka Kenya, Uganda au Tanganyika, na baadhi yao ndio waliosimamia sheria ngumu kuliko zote dhidi ya wanaoomba hifadhi. Katika Bend It Like Beckham mlango ulifungwa na mtu wa klabu ambaye hatukumwona hata sura. Safari hii ufunguo uko mikononi mwa mzee wa ukoo, na Chadha amemweka katikati ya picha, mwanga ukimpiga usoni.